Miche yangu inaungua majani kuanzia kingo, nimepiga dawa mpaka nimechoka

Shikamoo shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kigamboni, tumehamia kwenye nyumba yetu mwishoni mwa mwaka jana na neno la kwanza nililosema ni kwamba sinunui tena nyanya za mafungu, kiwanja kipo na mikono ninayo. Sasa hivi ninavyokuandikia mume wangu ananiita mama makaburi, kwa jinsi matuta yalivyokaa.

Iko hivi. Mwezi wa nne nilisia mbegu za nyanya na hoho kwenye makopo barazani. Mvua ilikuwa inapiga kweli kweli, nikawa nachota kwenye pipa la chini ya bati namwagilia kwa kikombe, ikaota vizuri mpaka majirani wakaomba miche. Mwezi wa sita mwanzoni mvua imekata, miche imefika kama shubiri, nikahamishia kwenye matuta. Matuta yenyewe nilichanganya na mbolea ya kuku viroba viwili, nilinunua kwa jirani anayefuga broila, bado ilikuwa na maranda yake na ukiingiza mkono katikati ina moto, yeye akaniambia hiyo ndo nzuri ina nguvu. Pembeni nikaweka mstari mmoja wa maharage na tuta moja la mchicha.

Wiki ya kwanza shwari. Baada ya hapo maharage yakaanza, majani yameungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, siku nne tano yote chini. Yakafuata hoho. Nyanya ndo zinaanza sasa, jani la chini kabisa linakuwa kahawia kwenye ncha, alafu inatembea kingo yote, ukishika inavunjika kama krispi, lakini katikati ya jani bado kijani. Majani ya juu ni madogo madogo ila mabichi. Mchicha wenyewe haujambo, umedumaa tu.

Jirani akasema huo ukungu, nikanunua dawa ya ukungu nikapiga, wapi. Kwenye duka la pembejeo wakaniambia ni wadudu wasioonekana kwa macho, nikapimiwa dawa nyingine kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikachanganya zote mbili nipige mara moja nimalize kazi, saa saba mchana maana asubuhi nakuwa na watoto wa shule, nikaipitishia na mchicha. Kesho yake madoa meupe kila mahali. Nikasema basi itakuwa njaa, nikatia urea konzi moja kila shina. Hapo ndo nikamaliza kabisa.

Maji sio shida kwakweli, tuna kisima na pampu, namwagilia kwa mpira asubuhi na jioni kila siku kwa juu kama mvua. Ya kunywa na kupikia ndo tunanunua madumu, maana ya kisima chai inakataa na sabuni haitoi povu.

Kinachoniuma zaidi, kuna mnyanya mmoja umejiotea wenyewe kwenye karo la nje, pale ninapooshea mchele na mboga. Hakuna aliyeuhudumia, haujaona dawa wala mbolea, na umesimama kijani utadhani unanicheka. Nimekutumia picha nne. Niambie huu ni ugonjwa gani na dawa yake ni ipi, nataka kupanda tena.

Mama Wawili, Kigamboni

*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua nimeisoma mara mbili, picha nimezikuza mpaka simu imepata moto, na kabla sijasema lolote nikuulize kitu: mchele unauoshea maji gani pale karoni? Ya dumu, si ndiyo? Umesema mwenyewe ya kisima hamuyapikii. Basi huo mnyanya wa karoni ndo mmea pekee kwenye kiwanja chako kizima unaokunywa maji baridi, yani yasiyo na chumvi, na ndo mmea pekee uliopona. Mengine yote uliyoyafanya ni maelezo ya ziada.

Miche yako haiumwi. Inakunywa chumvi, na chumvi hiyo imeingia kwa milango mitatu kwa wakati mmoja, kisima, mbolea ya kuku mbichi, na mwisho urea. Ngoja nikuonyeshe nilivyofika hapo, maana ukijua kusoma jani safari nyingine hutahitaji kuniandikia wala kumpa mtu hela ya dawa ya wadudu wasioonekana.

Kwanza, angalia jani lipi limeanza. Umesema la chini, la zamani. Mmea unavuta maji kutoka kwenye udongo na chumvi iliyoyeyuka humo inapanda nayo, maji yanaenda hewani kupitia kwenye jani, chumvi inabaki. Kama sufuria la kuchemshia maji ya kisima chako linavyobaki na magaga meupe, nina hakika unalo jikoni. Inajazana kwenye ncha na kwenye kingo kwa sababu huko ndo maji yanakoishia, na jani la zamani limekunywa siku nyingi kuliko jani jipya, kwaiyo linakufa la kwanza. Ukungu haufanyi hivyo. Ukungu wa bakajani unaweka madoa popote kwenye jani, mara nyingi doa lina duara ndani ya duara kama ukilikata shina la mti, na pembeni yake pana unjano. Kwenye picha yako ya pili nimetafuta duara hata moja sijaliona, ni kingo tu imeungua mstari mmoja toka ncha mpaka kwenye kikonyo.

Pili, na hapa ndo nilipokaa wima kitini, ni foleni ya kufa. Maharage kwanza, hoho wakafuata, nyanya baadaye, mchicha bado upo. Mwanangu, hiyo foleni wataalamu wa umwagiliaji wameipanga miaka mingi kwenye majedwali yao, maharage ni katika mazao yanayoshindwa chumvi mapema kuliko karibu yote, pilipili hoho inavumilia zaidi kidogo, nyanya zaidi ya hoho, na mchicha ni mgumu kuliko wote hao. Ugonjwa wa nyanya hauanzi kwa kuua maharage alafu ukageukia hoho kwa zamu. Jambo linalopiga mimea ya koo tofauti kwenye kiwanja kimoja ndani ya wiki mbili, tena kwa alama ile ile ya kingo, mara nyingi liko kwenye maji, kwenye udongo, au kwenye kile ulichowapulizia.

Tatu, siku ilipoanza. Barazani walikuwa wanakunywa mvua kwenye pipa, hawana neno. Wamehamia tutani, maji yamebadilika na udongo umebadilika siku moja, wiki ya pili wanaungua. Mmea ukiharibika jiulize umebadilisha nini siku kumi kumi na nne nyuma, mara nyingi jibu lipo hapo.

Kuna kitu kimoja kinachofanana sana na hiki, nisikufiche, nacho ni upungufu wa potasiamu, nao unachoma kingo za majani ya chini vile vile. Lakini ule unakuja taratibu, na wenye mbolea ya kuku ya viroba viwili ni nadra kukosa potasiamu. Kiu nayo inachoma kingo, ila wewe unamwagilia mara mbili kwa siku. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, upepo wa kusi miezi hii unaleta mvuke wa chumvi, ila ungekuwa upepo majani ya upande mmoja wa mmea ndo yangeungua, upande wa pili mazima. Kwako pande zote sawa.

Sasa ushahidi. Nenda kwenye tuta asubuhi kabla hujamwagilia, chuchumaa, angalia mabega ya tuta na sio katikati. Kwenye picha ya nne naona kama kuna unga mweupe pale juu, mwembamba kama ukoko wa wali uliokauka. Ukichukua kidogo kwa kidole ukagusa ncha ya ulimi (udongo tu wa sehemu ambayo hujapiga dawa tafadhali) utajua mwenyewe. Alafu mtafute fundi wa mitambo ya kusafisha maji au wale wauza maji, wengi wanatembea na kikalamu cha kupimia chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, wanakiita TDS mita, unakichovya kwenye glasi ya maji ya kisima kinakupa namba, yani miligramu kwa lita. Kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, chini ya 450 hayo maji mwagilia chochote bila wasiwasi, kati ya 450 na 2000 unamwagilia kwa akili na kwa kuchagua zao, juu ya 2000 sahau hoho na sahau maharage. Mimi kwa chai iliyokataa na sabuni isiyotoa povu sitegemei kukusikia unataja namba ndogo. Na upime tena mwezi wa tisa, visima vya pwani kiangazi kikikolea na watu wakivuta sana maji ya bahari yanasogea kwa chini, cha mwezi wa tano sio cha mwezi wa tisa.

Kama bado huniamini, na una haki, chukua miche miwili ya nyanya iliyobaki, ipande kwenye ndoo mbili zilizotobolewa chini, udongo ule ule ambao haujatiwa mbolea, moja mpe maji ya dumu nyingine mpe ya kisima. Siku kumi. Usiangalie majani yaliyoungua maana hayo hayarudi kuwa kijani hata umwage maziwa, angalia yale mapya yanayotoka kileleni na yale ya katikati.

Tuje kwenye mbolea ya kuku. Ukiingiza mkono ikawa ina moto maana yake bado inachacha, na jirani yako hakudanganya aliposema ina nguvu, nguvu hiyo hiyo ndo imekuunguza. Mbolea ya kuku mbichi ina amonia (ile harufu inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi) na ina chumvi zake nyingi tu, mzizi mchanga ukigusa unakauka. Inatakiwa ilundikwe, iloweshwe iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, ifunikwe, igeuzwe kila wiki mbili, miezi miwili mitatu, mpaka rundo likipoa halipati moto tena ukiligeuza na inanuka udongo. Maranda nayo yakiwa mabichi yanakula naitrojeni ya kwenye udongo ili yaoze, kwaiyo unakuta una mbolea na bado mimea ina njaa. Na urea juu yake, mwanangu! Urea ina naitrojeni asilimia 46, konzi kwa shina la mche wa shubiri moja ni dozi ya mti. Sitakuambia zaidi kwa hilo, najua umeshajua.

Madoa meupe ya baada ya kupiga dawa ni kitu kingine kabisa na kingo zako hazihusiki. Dawa mbili zimechanganywa bila kujua kama zinaelewana, saa saba mchana, jua la Dar, kwenye majani yaliyokwisha choka. Hata ingekuwa dawa sahihi ingeunguza.

Kuhusu mchicha nisikilize vizuri. Dawa uliyopimiwa kwenye chupa ya maji haina lebo, hujui jina lake, hujui inatumika zao gani, hujui isubiriwe siku ngapi kabla ya kuvuna. Huo mchicha msile. Mimi ningeung'oa wote nikasia mwingine, mbegu ya mchicha sio ghali na wiki tatu nne unachuma tena. Na hiyo chupa kama imebaki na dawa ndani iondoe walipo watoto leo hii, kabla hujamaliza kusoma hapa, mtoto akiwa na kiu haulizi. Siku nyingine ukihitaji dawa nunua kopo lililofungwa, lenye lebo na lililosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na lebo ikuambie siku za kusubiri.

Haya, utaokoa nini. Uzuri wako mmoja ni kwamba Kigamboni ni mchanga, na mchanga hauishikilii chumvi kama mfinyanzi, ukiupa maji ya kutosha inashuka. Kosa lako ni kumwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Maji kidogo yanalowesha juu, jua linayanyonya, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi, jioni unaongeza nyingine. Bora umwagilie kila baada ya siku mbili au tatu ukiangalia udongo, lakini umwage ya kutosha yapite chini ya mizizi yaende zake. Na mwaga kwenye udongo, toa kichwa cha mpira uuweke chini, usiogeshe majani, maana chumvi inaingia hata kwa kupitia kwenye ngozi ya jani na jua likiwaka tone linakuwa kali zaidi kadiri linavyokauka.

Nyanya zilizobaki, tuseme tuta lako ni mita moja kwa nne. Lita 200 kwa mara moja, yani madumu kumi, zitashusha sehemu nzuri ya ile urea na chumvi ya mbolea. Kwa bei ya dumu najua utakunja uso, kwaiyo kama kipimo kitasoma chini ya 2000 anza na kisima chenyewe, maana hivi sasa maji ya ndani ya tuta ni makali kuliko ya kisima, alafu umalizie na madumu mawili matatu ya maji baridi kwenye mashina. Kisha funika tuta na nyasi kavu, vidole vinne hivi, zisigusane na shina. Nyasi zinazuia jua kuvuta maji juu na chumvi kupanda nayo. Watu wa pwani tunapenda kutumia makumbi ya nazi, sawa, ila yaloweke kwanza na maji uyamwage mara mbili tatu, makumbi yenyewe yana chumvi. Urea basi, usitie kitu chochote mpaka uone majani mapya matatu manne mazima.

Hoho zilizoisha mpaka kileleni ng'oa, usizipe tumaini. Ila ukiing'oa angalia mizizi: ikiwa na vinundu kama shanga hiyo ni minyoo fundo na hapo tutaongea mengine, na kwa nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado kijani kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi, vikitoka vijiuzi vyeupe kama moshi wa ubani ni mnyauko bakteria. Kwako sitegemei kuona lolote kati ya hayo. Geuza na majani chini uangalie utitiri na inzi weupe, na kama kuna mabaka meupe yamechimbwa ndani ya jani, huyo huenda ni kantangaze, kiwavi wa nyanya, yupo nchini tangu 2014 na hana huruma. Kuangalia ni bure.

Kupanda upya nakushauri usubiri vuli. Mpaka hapo weka mchicha mpya na kunde kwa kisima, kunde ni mvumilivu wa chumvi na majani yake ni mboga. Hoho na nyanya chache ziweke kwenye ndoo au viroba karibu na jiko uzimwagilie maji ya kuoshea mchele na mboga, sio ya kufulia, sabuni za unga zina sodiamu ambayo ndo hiyo hiyo tunayoikimbia. Kama kuna jirani mwenye AC inayodondosha maji nje mwombe uweke dumu chini, yale maji hayana chumvi kabisa. Na huyo baba anayecheka mwambie afunge mfereji wa bati mapema kabla ya mwezi wa kumi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, bati la mita za mraba 40 mvua ya milimita 10 tu ni lita kama 400, ndani ya mvua moja ya usiku.

Mnyanya wa karoni usiuhamishe, utaukata mizizi ukiwa umeshachangamka. Uchomekee kijiti uufunge na kitambaa laini, kwenye picha ya tatu umeshaanza kulala upande wa ukuta, na yale matawi mawili ya chini yanayogusa matope yakate.

Shangazi